Kioo Juu ya Ufa

Kwetu huku bondeni hakuna haja ya kumuuliza mtu ana wana wangapi. Tazama nyumba yake tu. Kila ghorofa iliyokamilika ni mwana mmoja, na zile nondo zinazochomoza juu kabisa, zimepinda na kushika kutu, huyo ni mwana ambaye zamu yake haijafika. Wageni wakipita na magari yao barabara ya kwenda baharini hutucheka. Hawa Waalbania vipi, hawajui kumaliza nyumba? Wacha wacheke. Kukata nondo na kuezeka paa ni kusema basi, aliyekwenda amekwenda, hatumngoji tena. Mama gani atamsemea hivyo mwanawe wa kumzaa?

Bedrie hakuwa mama wa namna hiyo. Na mimi, ambaye nilikula chumvi yake miaka mingi, sina ulimi wa kumtukana, ingawa wako wanaomtukana mpaka leo, tena wengine nondo zao ni ndefu kuliko zake.

Alipoolewa na Rrapo aliletwa vilimani, nyumba ya mawe ya wakwe zake, vyumba viwili na ukoo mzima ndani yake, watu wamepangana usiku kama mikate kwenye tanuri. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache na yote ya amri. Halafu serikali ya wakati ule ikawateremsha bondeni kulima shamba la ushirika. Ardhi hiyo ilikuwa kinamasi, wakaikausha kwa mifereji, wakaiita nchi kavu, lakini vyura hawakupata habari. Wakapewa chumba kimoja katika safu ndefu ya vyumba, ukuta wa tofali moja. Jirani akipiga chafya, wewe unamwambia afya. Wana wote watatu walizaliwa humo: Dashnor, Fatos, na Altin kitinda mimba.

Serikali ile ilipoanguka, Rrapo alivuka milima kwa miguu mpaka Ugiriki, akabeba zege kwa watu, akajifunza timazi na pima maji, akarudi na mikono kama gome la mti. Siku aliyorudi hakukaa hata kunywa kahawa. Alimchukua Bedrie mpaka kwenye kiwanja chao, akachora mstari kwenye tope kwa kisigino cha kiatu.

"Hapa jiko," akasema. "Simama. Sasa uko jikoni kwako. Hakuna mama yangu, hakuna ushirika. Unataka nini?"

"Nataka dirisha," Bedrie akasema, akaanza kulia papo hapo.

Msingi uliwekwa na Fundi Llambi, mtu mwembamba wa kijiji cha pili, mwenye sigara isiyowashwa mdomoni na tabia ya kugonga kila kitu kwa kidole. Alichimba, akachimba, akakuta tope jeusi linanuka mayai mabovu. Akamuuliza Rrapo, "Ghorofa ngapi juu ya hii?"

"Moja. Ya Dashnor. Hawa wengine bado wanakojoa kitandani."

"Basi nachimba wa ghorofa moja. Ukitaka zaidi niambie sasa hivi, nisije nikasikia kesho."

"Moja, bwana! Wewe nawe, unanihesabia watoto?"

Wakachinja kondoo kwenye kona ya jiko kama inavyotakiwa, damu ikaingia shimoni, Llambi akamwaga zege juu yake. Nguzo zilipopanda, Bedrie akashona mwanasesere wa matambara, akamning'iniza kwenye nondo ili kijicho cha watu kimtazame yeye na kuiacha nyumba. Mvua ikamnyea, jua likamchoma, na nyumba ikasimama.

Sasa, jambo moja kuhusu Rrapo, nalo mliweke moyoni. Huyu mtu hakumruhusu yeyote kumwagilia zege lake. Slabu ikishamwagwa, alfajiri ya kesho yake, kabla ya kahawa, kabla ya kunawa uso, Rrapo yuko juu na mpira wa maji, anaimba kwa sauti mbaya iliyoamsha mbwa. "Zege ni mtoto mchanga," alikuwa akisema. "Usipomnyonyesha mapema anapasuka, na akishapasuka hata umpake asali." Alifanya hivyo slabu ya kwanza. Akafanya hivyo ya pili pia, ile ya Fatos.

Ndiyo, ya Fatos. Kijana alikua, akaoa, na mwana aliyeoa hana budi kuwa na ghorofa yake. Vinginevyo kijiji kitasema nini? Fundi Llambi alikuja, akagonga ukuta kwa kidole, akasema, "Rrapo, msingi huu nilikuchimbia wa ghorofa moja."

"Na mimi Mungu amenipa wana watatu. Basi mwite Fatos umweleze wewe. Mwambie, mwanangu, baba yako amekujengea hewa."

Watu walicheka mpaka Llambi naye akacheka, na ghorofa ikajengwa. Haikutokea lolote. Ndio ubaya wa nyumba huo, haikugombezi siku ile ile uliyoikosea. Ingekuwa inagomba kama Bedrie, sote tungejenga sawasawa.

Wana wakaondoka. Dashnor Ujerumani, Fatos Ugiriki, Altin Italia. Ghorofa mbili zikabaki na magodoro yaliyofungwa kwa nailoni. Kila Jumamosi Bedrie alipanda na ndoo, akapiga deki sakafu ambazo hazikukanyagwa, akafua mapazia ambayo hakuna aliyeyavuta, akafungua madirisha ili vyumba visisahau hewa. Kisha akapanda mpaka juu kabisa kwenye nondo za Altin, akamwona yule mwanasesere amebaki kichwa na mkono mmoja, akamshonea mwingine.

Ufa ulianzia kona ya jiko, pale pale alipochinjwa kondoo. Kwanza ulikuwa kama unywele ulioanguka ukutani. Bedrie alijaribu kuuondoa kwa kitambaa. Baadaye mlango wa ghorofa ya Dashnor ukaanza kukwaruza sakafu, na kokwa za jozi zikianguka mezani zote zilibingirika kuelekea kona ile ile, kama zimeitwa.

"Nyumba inakaa," Rrapo akasema. "Hata mimi nikikaa mifupa inalia."

Majira ya kuchipua Altin, ambaye sasa naye alikuwa na mke, akapiga simu. Bedrie alikuwa akikanda unga, akashika simu kwa vidole viwili.

"Mama, Monda ana mimba."

"Wee! Niambie tena!"

"Ana mimba. Na nimechoka na Italia, mama. Nataka mwanangu azaliwe huko. Nitafungua gereji yangu, nibaki mazima. Lakini sikai kwenye ghorofa ya kaka zangu kama mpangaji, wakija likizo mimi nabeba godoro. Baba akinijengea ya kwangu Agosti hii, narudi. Asipojenga, nimeshapewa kazi ya kudumu hapa, natia sahihi, ndiyo basi tena."

Bedrie alilia hata unga ukalowa. Rrapo akaenda kumleta Llambi siku hiyo hiyo.

Llambi hakupanda juu. Aliingia jikoni, akapiga magoti kwenye kona, akagonga, akagonga tena, akaitoa sigara mdomoni.

"Huu ufa una muda gani?"

"Wa zamani," Rrapo akasema. "Umelala."

"Ufa haulali kwa kuambiwa." Akakoroga jasi kwenye kikombe, akachukua kipande cha kioo chembamba, upana wa vidole viwili, akakigandisha kukatiza ufa, upande huu na upande ule. "Kioo hakinyumbuki. Kikikaa kizima mpaka Agosti, nyumba imetulia, nitamwaga ya Altin. Kikikatika, hata tofali moja sipandishi. Tena ninyi wawili mtatoka humu ndani. Mmenisikia? Sisemi utani."

"Tumekusikia, mganga wetu," Rrapo akasema, akamwekea glasi ya raki, pombe yetu kali.

Kioo kile kilikatika Rrapo akiwa shambani. Bedrie alikuwa akisugua sufuria, akasikia tik, kidogo tu, kama ukucha ukikatwa. Alijua kabla hajageuka. Akasimama mbele ya kona, mikono inachuruzika maji, akautazama ule mstari mwembamba katikati ya kioo.

Nitawaambia alichowaza, maana aliniambia mwenyewe. Hakuwaza kuhusu nyumba. Aliwaza kuhusu Altin akishika kalamu na kutia sahihi. Akaona mjukuu anayemwita kwa Kitaliano kwenye simu, na yeye anajibu ndiyo, ndiyo, bila kuelewa. Na kioo, jamani, ni kioo tu! Pengine jasi lilikuwa bovu. Pengine Llambi alikikaza mno.

Sebuleni kulikuwa na picha za wana watatu kwenye fremu. Aliteremsha ya Dashnor, ile ya jeshini, akatoa kioo chake, akakikata kwa kalamu ya kukatia vioo ya Rrapo, upana wa vidole viwili. Akakoroga jasi kwenye kikombe cha chai. Rrapo aliporudi kula, ukutani kulikuwa na kioo kizima na mezani kulikuwa na byrek, ule mkate wa matabaka, ya jibini.

Kikakatika cha pili. Akatumia cha picha ya harusi ya Fatos. Kikakatika cha tatu kabla ya mahindi kukomaa, na safari hii hakikusema tik, kilisema taa! na kipande kimoja kikarukia kwenye sinki. Bedrie alisimama na ile picha ya Altin mkononi muda mrefu. Moyo ulimwambia, mwanamke wewe, acha. Hakuacha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo watu wasemavyo. Yeye aliuziba kuliko yeyote, ndiyo balaa lenyewe.

"Vioo vya picha vimekwenda wapi?" Rrapo akauliza siku moja, akiwa kalala kwenye kochi.

"Vilishika ukungu. Nimevitoa."

"Aa, vizuri. Sasa watoto wanapumua," akasema, akageukia upande wa pili akalala.

Agosti wote walikuja. Mjue maana ya hilo, haikuwahi kutokea tangu waondoke: magari matatu yenye namba za nchi tatu uani, watoto wa Dashnor wakigombana kwa Kijerumani, Fatos akichoma pilipili, na Monda, mkwe mdogo, tumbo limemtangulia, akitembea ameshika kiuno. Bedrie alimshika tumbo mbele ya watu wote bila kuomba ruhusa. Vyumba vyote vilikuwa na taa. Alisimama uani akatazama madirisha yanayowaka juu na chini, akasema kimoyomoyo, Mungu, nichukue sasa, sina ninachodai.

Llambi akaja na tochi. Watu walimfuata jikoni kama wanamfuata shehe. Akamulika kioo, akakigonga kwa ukucha, akakimulika tena.

"Kizima," akasema taratibu. Alionekana hakuamini. Akageuza shingo. "Bedrie, wewe ndiye unayeshinda humu. Umeona chochote? Umesikia chochote?"

"Nione nini mimi? Naona masufuria."

"Bedrie."

"Jamani, Llambi! Si umekiona mwenyewe? Au kioo nacho kiape?"

Wakacheka. Rrapo akainama akakibusu kile kioo, kikaachwa na alama ya midomo. "Kesho tunamwaga!" akapaza sauti, na wana wake wakampiga mgongoni.

Siku ya kumwaga slabu kwetu ni zaidi ya harusi, maana harusini wapo wasiokuja. Walikuja wote. Mashine ya zege ilinguruma tangu asubuhi, makarai yakapanda kwa kamba, mirunda ilisimama chini ya mbao kama msitu, na kondoo wawili wakageuzwa kwenye moto. Rrapo alikuwa juu, suruali imekunjwa, akiamrisha kila mtu hata Llambi. Bedrie alimpa Altin mwanasesere mpya amfunge kwenye nondo. Altin akamfunga, akamvalisha kofia yake ya Italia. Watu wakashangilia.

Zege la mwisho lilipomwagika, jua likiwa limeinama, Bedrie aliingia jikoni kuchukua chumvi. Kioo kilikuwa sakafuni. Hakikukatika tu, kilikuwa kimeng'oka na jasi lake. Vigae viwili vya sakafu vilikuwa vimenyanyuka vikagusana vichwa. Akaweka kidole kwenye ufa. Zamani hata kisu hakikuingia. Kidole kikaingia mpaka kwenye pete.

Alitoka nje na kile kidole bado amekikunja, akiwa na nia ya kusema. Wallahi alikuwa na nia. Lakini Rrapo alikuwa amesimama juu ya kiti, glasi mkononi, zege limemkaukia kwenye nyusi, na kijiji kizima kimenyamaza kumsikiliza.

"Mimi nililala na kaka zangu kwenye godoro moja mpaka nilipooa," Rrapo akasema. "Nikajiapiza, wanangu kila mmoja atafunga mlango wake mwenyewe. Leo Altin ana mlango. Haujawekwa bado, lakini anao. Nikifa kesho msilie sana."

"Funga mdomo, mzee!" Fatos akasema, watu wakacheka, wengine wakafuta macho.

Uso wa Llambi ulikuwa pale. Wa Altin pia, na mkono wake tumboni kwa Monda. Angeanzia wapi? Aseme, mimi ndiye niliyekuwa nikibadilisha vioo? Mbele ya wakwe? Basi akasema nusu.

"Hakuna anayelala ndani leo," akasema.

"Kwa nini?"

"Nimeota. Mama mkwe wangu, marehemu, kanijia. Kasema zege likiwa bichi juu, wenye nyumba walale nje chini ya nyota. Vinginevyo ni mkosi."

Rrapo akashuka kwenye kiti. "Mama yangu? Alipokuwa hai hakukusemesha mwaka mzima, kafa ndio kaanza soga?"

Jirani yao Lume, mwanamke asiyekosa neno, akadakia, "Bedrie, sema tu umechoka kutandika vitanda!"

"Nimechoka, ndiyo!" Bedrie akafoka, na sauti yake ikakatika mahali ambapo haikutarajiwa. "Nimechoka! Siku moja tu nawaomba kitu, siku moja! Mtalala nje!"

Watu wakatazamana. Rrapo akamwangalia mkewe, akakuna kichwa. "Haya, haya. Joto lenyewe hili. Watoto watafurahi. Toeni magodoro."

Wakaanza kuyapanga chini ya mzabibu karibu na ukuta. Bedrie akayavuta. "Huku kuna upepo." Akayavuta tena. "Hapo kuna siafu." Godoro la Monda alilikokota mwenyewe mpaka kwenye ukingo wa mahindi, na Dashnor akamwambia Altin, "Mama yako atamlaza mkeo Italia usipomzuia." Bedrie hakucheka. Alikaa macho, amekumbatia magoti, anaitazama nyumba. Aliwahesabu na kuwahesabu tena, na wote walikuwa nje, na polepole kifua chake kikalegea. Asubuhi, akajiambia, asubuhi nitamwita Rrapo pembeni, nimweleze, anipige akitaka. Usingizi ukamchukua ukingoni mwa alfajiri.

Kilichomwamsha ni sauti ya maji.

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka juu, pa pa pa, kwenye majani ya mzabibu. Na juu ya maji kulikuwa na wimbo, sauti ile ile mbaya. Bedrie alilisikia jambo hilo kwa mwili mzima kabla ya masikio. Alikuwa amewahesabu wote, akasahau zege. Miaka yote hiyo, akasahau alfajiri ya zege!

Alikimbia bila viatu mpaka katikati ya uwanja. Rrapo alikuwa juu kabisa kati ya nondo, mpira mkononi, anga nyuma yake imeanza kuwa nyeupe.

"Rrapo! Shuka!"

"Nini tena? Mama yangu karudi?"

"Shuka, Rrapo! Kioo kilikatika! Vyote vilikatika! Nilikuwa nabadilisha mimi, mimi, kwa vioo vya picha! Shuka!"

Rrapo aliacha kuimba. Alimtazama mkewe kutoka juu, na alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Hakupiga kelele. Aliulaza mpira chini polepole, akafuata ngazi akinyata, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto. Bedrie alimwona akishuka ngazi ya kwanza. Alimwona akishika ukuta kwa kiganja.

Kisha kona ya jiko ikapiga goti.

Siwezi kuisimulia sauti ile. Vumbi lilifika mpaka kwa Monda kwenye mahindi, likamfunika nywele, na hakuna mwingine aliyeguswa hata na kokoto. Wana waliamka wakakuta nyumba haipo, na mama yao amesimama peke yake mbele ya vumbi, mikono ameinyoosha.

Walimtoa baba yao mchana. Polisi wakaja kutoka mjini, wakamchukua Llambi. Alikuwa amekuja mwenyewe kwa baiskeli aliposikia, akachimba kwa mikono pamoja na wana, na wakati wanamfunga pingu alikuwa akirudia jambo moja tu. "Nilikiona kizima. Kwa macho yangu nilikiona kizima." Watu walimtemea mate. Lume alimpiga kwa kiatu. Dashnor akasema mbele ya wote kwamba mzee yule akitoka jela, yeye atamngoja mlangoni.

Bedrie alisikia yote hayo. Walikuwa wamemkalisha kwenye chumba chao cha zamani cha safu ya ushirika, kilichokuwa ghala la mahindi, na wanawake wakimlilia marehemu kwa zamu. Yeye hakulia. Walisema mshtuko.

Siku ya tatu ya matanga Altin aliingia na kitu amekifunga kwenye koti. Akapiga magoti mbele yake. "Mama, tazama. Tumezipata kwenye kifusi." Zilikuwa fremu tatu. "Nyumba nzima imekuwa unga, na hizi hata kukwaruzwa hazijakwaruzwa. Ajabu. Hata vioo vyake havikuzikata."

Bedrie akazishika. Akazipangusa vumbi kwa kiganja, moja moja, Dashnor, Fatos, Altin. Kiganja kilipita moja kwa moja kwenye karatasi.

"Hazikuwa na vioo," akasema. "Waite kaka zako."

Aliwaambia bila kupunguza. Tik ya kwanza, kikombe cha chai, taa! ya tatu, kidole kwenye ufa, ndoto ambayo hakuiota. Wanawake waliacha kulia wakasikiliza. Dashnor alisimama katikati ya maneno, akatoka nje, na tukamsikia akipiga mlango wa gari kwa ngumi. Fatos alijifunika uso kwa kofia ya baba yake. Altin peke yake ndiye aliyemtazama.

"Ulifanya kwa ajili yangu," akasema.

"Kwa ajili yangu. Wewe ulikuwa mzima huko ulikokuwa."

"Baba alijua?"

"Alijua alipokuwa juu. Nilimwambia yuko juu." Hapo ndipo alipolia. Alilia kama mtu anayetapika, na Monda akamshika kichwa.

Alipoweza kusimama alisema, "Nipelekeni polisi. Yule mzee amelala kwenye saruji siku tatu kwa kosa langu." Wakampeleka. Llambi walimwachilia baada ya wiki kadhaa, ingawa hakushika tena mwiko wa kujengea. Bedrie walimhoji mara nyingi, wakaandika, mwishowe wakamrudisha kwa watu wake. Sheria haikujua imfanye nini, na kijiji kilijua mno.

Altin aliahirisha safari ya kurudi Italia mara mbili. Alisema atabaki, atajenga upya, nyumba ya chini, ya mama. Alikuwa akishinda kwenye kifusi. Kifusi kilipozolewa kilibaki kipande cha ukuta wa jiko na nguzo moja iliyovunjikia kimo cha kifua, na nondo zake zikichomoza juu, zimepinda zote upande mmoja.

Siku ya kuondoka kwa kaka zake, Bedrie alimfuata pale uwanjani. Alikuwa ameazima mashine ya kukatia chuma kutoka kwa mume wa Lume, ameibeba mwenyewe kwenye toroli.

"Monda atazalia wapi?" akamuuliza.

"Hapa, mama. Tulikubaliana."

"Chumba cha ushirika? Kwenye ghala la mahindi?" Akamkabidhi mashine. "Rudi Italia, mwanangu. Ukatie sahihi kazi yako. Utakuwa unanipigia simu, na huyo mtoto nitajifunza Kitaliano chake, sijafa."

Altin hakuichukua mara moja. Alizitazama nondo, akamtazama mama yake. "Mama, hizi watu hawazikati."

"Najua," Bedrie akasema. Akazishika kwa mikono miwili zisitetemeke, akafumba macho asiingiwe na cheche. "Kata."